Mchanga wa Thange: Uzolewe au Utibiwe Palepale?

Mei 2015 watu wanaoishi kando ya mto Thange, upande wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, walikuta mafuta yameingia mtoni mwao. Bomba la Kampuni ya Bomba la Mafuta Kenya, KPC, lilikuwa limevuja. Lilikuwa bomba kuukuu la inchi 14, ambalo tangu 1978 lilisukuma petroli, dizeli, mafuta ya taa na ya ndege kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Julai 2025, miaka 10 baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru KPC iwalipe wakazi zaidi ya 3,000 fidia ya shilingi bilioni 3.8. Pesa hizo zimezungumziwa sana. Mchanga umezungumziwa kidogo, nami naona mchanga ndio kiini cha jambo lenyewe.

Msomaji wa pwani akisikia mchanga uliomwagikiwa mafuta, huwaza ufuo, mawimbi na kaa. Huku Ukambani mchanga ni tangi la maji. Mito kama Tiva, Thua na Nzeeu kule Kitui, au Kaiti huku Makueni, huonekana mikavu miezi mingi ya mwaka, lakini chini ya mchanga maji yapo. Watu huchimba kwa koleo, kisha kwa mikono, hungoja maji yajikusanye, huteka kwa kikombe, hujaza mitungi ya lita 20 na kumpakia punda. Shirika la SASOL la Kitui limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwa kufuata tabia hiyo ya mito: ukuta wa mawe na saruji hukatiza mkondo, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa humo ndani jua lisiyafikie. Katika mchanga mkubwa wa mtoni, robo ya ujazo wake au zaidi ni nafasi ya maji. Nafasi hiyohiyo ndimo dizeli inamoingia.

Na Thange hauishii Thange. Unamwaga maji yake katika mto Athi, na ng'ambo ya Athi ni Kitui.

Sauti tano zinazojibizana hapa hazina majina. Nimekusanya hoja zinazotolewa kila jambo hili linapozuka, nikazigawa kwa watu ambao kila mmoja ana sababu yake ya kusema asemavyo: mama mkulima wa kando ya Thange, kijana wa Ikutha anayepakia mchanga malorini, mwalimu wa kemia kutoka Kitui mjini, injinia mstaafu wa mabomba, na wakili. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MPAKIAJI: Naona tunazunguka sana. Kitu kikiharibika, kinatolewa. Tupeni vijana na koleo, tuuzoe mchanga wote wenye harufu, malori yaubebe, mto ubaki safi. Mvua ya Novemba italeta mchanga mwingine kutoka juu.

MWALIMU: Malori yaupeleke wapi?

MPAKIAJI: Mbali.

MWALIMU: Mbali na nani? Kila mahali panapoitwa mbali pana wenyewe. Ukiumwaga Mtito Andei, utakuwa umewahamishia watu wa Mtito taabu ya watu wa Thange. Na wewe ndiye unayejua bei ya mchanga Nairobi kuliko sisi sote. Lori likishaingia lami, nani atahakikisha kwamba mzigo huo haujaenda kujenga nyumba ya mtu, au haujachanganywa na saruji ya tangi la maji la shule?

MPAKIAJI: Hilo sikatai. Mchanga hauna alama.

MWALIMU: Na kuna sheria. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka huohuo wa 2015, kwa sababu mito ilikuwa inazolewa mpaka mwamba unatokeza na visima vinakauka. Tukiuzoa mchanga wa Thange wote, tutaufanyia mto jambo lilelile ambalo sheria inakataza, ila safari hii tutaliita usafi.

MPAKIAJI: Sheria hiyo naijua vizuri, Mwalimu. Ilitunyima kazi wengi wetu.

INJINIA: Msimkatize kijana upesi hivyo, ana hoja ndani yake. Pale bomba lilipotoboka, udongo umelowa mafuta hadi unatiririka. Hapo lazima uchimbe. Hakuna dawa ya asili itakayokula dimbwi la petroli, kwa sababu kiasi hicho kinaua hata bakteria, wale wadudu wadogo wanaokula mafuta. Kwanza unavuta mafuta yenyewe: unachimba visima vya kuokolea, unayafyonza kwa pampu, unayatenga na maji. Mchanga uliolowa chapachapa unautoa na kuuweka mahali palipotandikwa karatasi nzito ya plastiki. Lakini huo mnautibu na kuurudisha. Hamwendi kuutupa.

MAMA: Na ule ulio mtoni chini?

INJINIA: Huo ndio mgumu, mama. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo chini ya ardhi huelea juu ya maji. Mvua ikinyesha maji hupanda, mafuta hupanda nayo. Kiangazi kikija maji hushuka, mafuta hushuka, na kila chembe yanapopita hubaki imepakwa. Ukichimba mita moja unaweza kukuta mchanga mweupe, usio na harufu, ukashangilia, kumbe yote yako mita tatu. Petroli sehemu kubwa hupaa hewani mapema. Dizeli haina haraka. Inakaa.

Ningependa msomaji atulie hapa kidogo, maana hapa ndipo mto wa Ukambani unapoachana na ufuo wa Mombasa. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa, Mombasa, yakaua mikoko, na Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilivujisha mafuta bandarini Port Reitz. Maafa yale yalikuwa makubwa, lakini bahari ina maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ina mawimbi, na hakuna anayekunywa maji yake. Mto wa mchanga hauna bahati hiyo. Maji yake hutembea polepole chini kwa chini, hewa ni haba humo, na kila jioni kuna mtu anayeshusha mtungi. Anayeleta Kibwezi mbinu ya ufukweni bila kuibadilisha hajaelewa amefika wapi.

MAMA: Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Leso yangu ikiingia mafuta, naifua kwa sabuni na yanatoka. Kwa nini mchanga usifuliwe?

MWALIMU: Yanatoka kwenye leso, mama, yanaingia kwenye maji ya beseni, na maji hayo unayamwaga. Mtoni beseni na kisima ni kitu kimoja. Sabuni haiyamalizi mafuta. Inayavunja vipande vidogo yachanganyike na maji, yasafiri mbali zaidi na kushuka chini zaidi. Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu Machi 1967, meli ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Cornwall. Walimwaga takriban tani 10,000 za dawa za sabuni baharini na fukweni. Konokono na chaza waliokuwa wamehimili mafuta waliuawa na dawa.

INJINIA: Wamarekani nao mwaka 1989, baada ya Exxon Valdez kule Alaska, waliosha fukwe kwa maji ya moto yenye nguvu kubwa. Zilionekana safi. Lakini zipo sehemu zilizoachwa makusudi bila kuoshwa ili zilinganishwe, na viumbe wa sehemu hizo walirudi mapema kuliko wa zile zilizochemshwa.

MPAKIAJI: Kwa hiyo kuosha kusahaulike kabisa?

INJINIA: Hapana. Mchanga uliokwisha kuchimbwa unaweza kuoshwa ndani ya pipa linalozunguka, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini itokanayo na mimea, mradi maji yote yashikwe, mafuta yaenguliwe, na maji hayohayo yatumike tena. Mchanga mkubwa huoshwa kwa urahisi kwa kuwa chembe zake hazina mahali pengi pa mafuta kung'ang'ania. Udongo wa mfinyanzi ndio msumbufu. Kwa hilo mito yetu ina nafuu.

MWALIMU: Na mimi narudi kwa wale wadudu wadogo, kwa sababu Injinia amewataja kana kwamba ni waganga wa kienyeji.

INJINIA: Sikusema hivyo. Nasema wana mipaka.

MWALIMU: Basi tuiweke mipaka hiyo wazi. Karibu kila udongo una bakteria wanaoweza kula mafuta: Pseudomonas, Rhodococcus na jamaa zao. Hatuwanunui kutoka ng'ambo. Wako hapo Thange tayari, na tangu mafuta yamwagike wamezidi kwa idadi, maana chakula kimeletwa. Mara nyingi bakteria wa chupa wanaouzwa na makampuni hawawashindi wenyeji. Kinachowapungukia wenyeji ni mambo manne: hewa, maji, naitrojeni na fosforasi. Mafuta karibu yote ni kaboni na haidrojeni. Hesabu inayotumika sana ni kwamba kwa kila sehemu 100 za kaboni wapate sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Kule Alaska walinyunyizia fukwe mbolea, na mafuta yakaoza kwa kasi kuliko pale pasipotiwa. Alaska ni baridi. Sisi joto tunalo bure.

MAMA: Na mbolea ya mbuzi tunayo.

MWALIMU: Naam, mama, hiyo ndiyo naitrojeni na fosforasi.

Acha nieleze kitanda cha kutibia mchanga, maana watu hukitaja bila kusema kikoje. Mnachagua mahali palipoinuka, mbali na mkondo na nyumba, pasipofikiwa na mafuriko. Mnatandika plastiki nzito na kuinua kingo zake. Upande ulioinama mnachimba shimo dogo, nalo limetandikwa, la kukusanya maji yatakayochuruzika. Juu yake mnamwaga mchanga mchafu, kimo kisizidi sentimita 30, maana hewa haiingii chini ya hapo bila kusaidiwa. Mnachanganya samadi iliyooza na mabua yaliyokatwakatwa ili mchanga usishikane. Kisha maji. Unyevu unapimwa kwa mkono wenye glavu: ukikamua konzi ya mchanga, ushikamane kidogo lakini usidondoshe tone. Kila wiki unageuzwa kwa jembe hadi plastiki ikaribie, bila kuichana. Maji yaliyochuruzika shimoni hurudishwa juu, hayamwagwi. Uzio unahitajika, kwa sababu mbuzi hawasomi ilani. Na moto wa aina yoyote usikaribie, hasa siku za mwanzo petroli inapopaa.

Kazi hiyo inalingana na maisha ya hapa. Jembe lipo, samadi ipo, na watu wanaojua kugeuza mboji wapo. Maji ndiyo shida, na si shida ndogo: katika kijiji ambacho maji yake ndiyo yaliyochafuliwa, kila mtungi wa kulowesha kitanda umetoka kwingine. Kwa hiyo vitanda viandaliwe mvua za vuli zinapokaribia kwisha, mchanga ukiwa bado na unyevu wake, na visingoje Septemba.

INJINIA: Nimesikiliza kwa heshima, na sasa nitasema jambo ambalo halitawafurahisha. Someni ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kuhusu Ogoni, Nigeria, iliyotolewa Agosti 2011. Kule walitegemea njia hiyohiyo ya kugeuza udongo na kutia mbolea, miaka mingi. Wataalamu walipochimba, walikuta uchafu umeshuka hadi mita 5 katika maeneo 49. Juu palikuwa pamelimwa vizuri, kumbe chini mafuta yanaendelea na safari yake. Kule Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini iliyozidi kipimo cha Shirika la Afya Duniani zaidi ya mara 900. Mahali pengine palikuwa tayari pameandikwa kwamba pamesafishwa.

MWALIMU: Ripoti hiyo ni kweli tupu, na siipingi hata kidogo. Lakini iliwashtaki wale waliotibu juu na kutangaza hadi chini. Bakteria hawakushindwa, hawakufikiwa na hewa.

INJINIA: Kwa mgonjwa, tofauti iko wapi?

MWALIMU: Iko kwenye tiba inayofuata. Kilicho chini ya uwezo wa jembe kinafikiwa kwa bomba jembamba lenye matundu, linalozamishwa ukingoni hadi chini ya usawa wa maji, kisha hewa inasukumwa ndani. Mapovu yanapopanda hubeba mvuke wa petroli, na njiani huwapa bakteria oksijeni. Mvuke huo unanaswa juu, unapitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia. Mashine yake si kubwa. Umeme wa jua unaweza kuiendesha, na jua la Kibwezi hatulikopi.

INJINIA: Hapo tunakubaliana. Vuta mafuta kwanza, chimba palipozidi, sukuma hewa palipo chini, tibu juu kilichotolewa, kirudishe. Ugomvi wangu ni na yule anayekuja na gunia la samadi peke yake akasema ameokoa mto.

MAMA: Itachukua muda gani?

MWALIMU: Kitanda ni miezi, mama. Kilichoko chini ni miaka.

MAMA: Kwa Ogoni walisema miaka mingapi?

INJINIA: Walisema 25 hadi 30. Lakini Ogoni ilimwagikiwa mafuta ghafi miongo mingi, na Thange si Ogoni.

MAMA: Sawa, si Ogoni. Lakini mimi nilikuwa nikimwagilia bamia na sukuma kwa maji ya mto huu. Soko likishasikia mboga inatoka Thange, limefunga mlango, hata iwe imemwagiliwa kwa maji ya mvua. Ninyi mnajadili miaka. Wajukuu wangu wanakunywa nini wiki ijayo?

Hakuna aliyemjibu upesi, na hawakuwa na haki ya kumjibu upesi. Msimamo wangu katika mjadala huu umejengwa juu ya swali lake. Ninaamini mchanga wa Thange utibiwe palepale, polepole, kwa njia ambazo hazitaunyang'anya mto kifua chake cha maji. Lakini siwezi kutetea upole huo iwapo gharama yake inalipwa na mtu mwenye kiu. Njia ya polepole ina haki ya kuitwa rafiki wa mazingira siku ile tu ambapo maji safi ya bomba au ya malori, ya kutosha watu na mifugo, yanafika kila kijiji kilichoguswa, kwa muda wote wa matibabu, kwa gharama ya mwenye bomba. Bila hayo, kijana wa Ikutha ana haki zaidi yetu sote kushika koleo lake. Maji hayo yahesabiwe ndani ya gharama za usafishaji, yasitolewe kama hisani inayokatwa kamera zikiondoka.

WAKILI: Sheria iko upande huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Sheria ya mazingira ya 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, na kanuni yake ni kwamba anayechafua hulipa. Watu wengi huchanganya fidia na kurejesha mazingira. Fidia ni ya mama kwa shamba lake na afya yake. Kurejesha ni kwa mto. Kulipa moja hakufuti nyingine.

MPAKIAJI: Na mafuta yakimwagika leo, kabla ya injinia kufika na pampu zake? Maana siku ya kwanza ni sisi tuliopo.

Swali zuri, na jibu lake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kwanza watu waondoke upande upepo unakoelekea, mioto izimwe, na asiwepo wa kuteka mafuta kwa mtungi. Septemba 2011 zaidi ya watu 100 walifariki mtaani Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja kutoka bombani iliposhika moto. Baada ya hapo ni kuzuia mafuta yasishuke mto. Agosti 2020, meli ya Wakashio ilipopasuka Morisi na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta, wananchi walijaza majani makavu ya miwa katika magunia na nyavu, wakayashona kuwa vizuizi virefu, wakavitandaza baharini. Kibwezi ina mkonge. Shamba la Dwa liko hapohapo. Usufi nao hufyonza mafuta mara nyingi ya uzito wake na kuyakataa maji. Magunia ya mkonge na usufi yakiwekwa tayari kwenye vituo vya machifu kando ya njia ya bomba, saa za mwanzo hazitapotea. Uyoga pia umejaribiwa Marekani kwenye udongo wenye dizeli na ukafanya kazi kwa kiasi; ninautaja, lakini singeuweka mbele ya samadi na hewa.

Na isidhaniwe kwamba Thange ni hadithi ya bomba kuukuu lililokwisha muda wake. Bomba jipya la inchi 20 lilichukua nafasi ya lile la 1978, na mwishoni mwa Machi 2019, likiwa bado geni ardhini, lilivuja Kiboko, Makueni hiyohiyo.

MAMA: Tuseme mmetibu. Nitajuaje kwamba kumepona? Mtachukua chupa, mtatia mchanga na maji, mtatikisa, mtaniambia tazama mama, hakuna rangi za upinde juu, hakuna harufu.

MWALIMU: Hapana. Kipimo hicho kinaonyesha mchanga mchafu tu. Mchanga safi hakiwezi kuuthibitisha. Benzini, ambayo huleta saratani, inayeyuka kwenye maji na haina rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Pua ya mtu huanza kuinusa benzini majini ikiwa imezidi kikomo hicho karibu mara 1,000.

MAMA: Mara elfu?

MWALIMU: Mara elfu, mama. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kunusa kisima na kukuambia unywe, mkatae. Ni maabara peke yake.

WAKILI: Na maabara isiwe ya yule aliyechafua. Sampuli zigawanywe mara mbili mbele ya wakazi, zifungwe na kutiwa sahihi, nusu ziende maabara moja na nusu nyingine. Majibu yabandikwe kwa chifu, yasifungiwe katika ofisi ya Nairobi. Vipimo virudiwe baada ya masika na baada ya vuli, kwa kuwa Injinia ametueleza kwamba mafuta hupanda na kushuka na maji.

INJINIA: Naunga mkono. Kisima kinaweza kupita Septemba na kufeli Desemba.

MPAKIAJI: Na kazi yenyewe? Kutandika plastiki, kugeuza mchanga, kuvuta mabomba. Mara nyingi mkandarasi anakuja na watu wake, sisi tunatazama kutoka ukingoni. Kama mchanga hautabebwa na lori, basi angalau mikono itakayougeuza iwe ya hapa. Na iwe na glavu na barakoa za mvuke, si kitambaa puani.

WAKILI: Hilo liandikwe katika mpango wa urejeshaji kabla haujatiwa sahihi. Likisemwa baada ya hapo linakuwa ombi.

MPAKIAJI: Liandikwe basi. Mwaitu, wewe unasemaje?

MAMA: Mimi nataka jambo moja, mwanangu. Hao wa sampuli wakija wanachota pale darajani, kwa sababu gari linafika. Hakuna anayechota maji darajani. Nitawapeleka kwa miguu.

INJINIA: Tupeleke. Tutachota pale mnapochota ninyi, na mita tatu chini yake, na kwenye kisima kimoja upande wa juu wa mto ambako mafuta hayakufika, tupate cha kulinganisha.